Kumlisha mgonjwa wa kiharusi nyumbani: chakula kwanza, mitishamba baadaye

Mgonjwa wa kiharusi akiruhusiwa kutoka wodini, mara nyingi chupa humtangulia nyumbani. Jirani ana dawa ya mizizi aliyoagiza kwao, shemeji ametuma unga wa mlonge kwa basi, mama mdogo ana mafuta ya habasoda aliyonunua Kariakoo. Wote wanamtakia heri. Ila katika mashauriano yote ya sebuleni ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali lililo kubwa kuliko yote: huyu mzee anameza vizuri?

Mwongozo huu ni wa yule anayebaki na mgonjwa wageni wakishaondoka, awe binti, mke, mjukuu au dada wa kazi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mmea una nafasi yake, na nafasi hiyo ni kwenye sufuria, kama chakula na kiungo. Sehemu ya ubongo iliyokufa kwa kukosa damu haifufuliwi na jani lolote. Mgonjwa hurudiwa na nguvu kwa sababu sehemu zilizobaki hai zinajifunza kazi upya kwa mazoezi, na mazoezi hayo yanataka mwili ulioshiba. Upande wa pili, nimonia ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo baada ya kiharusi, na nimonia nyingi za aina hiyo huanza na chakula, kinywaji au mate yaliyoingia kwenye njia ya hewa.

Kama kiharusi kimetokea sasa hivi, yaani uso umepinda, mkono umelegea, maneno hayaeleweki, acha kusoma. Usimpe maji, asali, kitunguu saumu wala aspirini. Baadhi ya viharusi hutokana na mshipa wa damu uliopasuka, na aspirini hapo huzidisha damu kuvuja. Mpeleke hospitali. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze.

1. Jua anavyomeza kabla hujawasha jiko

Siku ya kuruhusiwa, muulize muuguzi au daktari maneno haya hasa: amepimwa kumeza? Ale chakula cha uzito gani? Vinywaji vyepesi anaruhusiwa? Wataalamu wa kumeza ni wachache katika hospitali zetu, kwa hiyo usishangae ukijibiwa kwa ufupi. Uliza tena, na uandike jibu.

Nyumbani, kila mlo una maswali yake. Yuko macho kweli, au anasinzia? Anaweza kukaa, hata kwa kuegemezwa? Ukimwambia akohoe, anakohoa kwa nguvu? Sauti yake ni kavu, au inasikika kama kuna maji kooni? Anayesinzia halishwi. Hata kama muda wa dawa umefika, hata kama ndugu wametoka mbali na supu yao.

Kisha mpe maji kijiko kimoja cha chai, uangalie koo lake likipanda na kushuka. Mwambie aseme "aaa". Rudia mara chache. Akikohoa, macho yakimlenga machozi, sauti ikawa ya majimaji au pumzi ikabadilika, simamisha. Jaribio hili ni la kumtazama mgonjwa ambaye hospitali imekwisha kumruhusu kula. Halichukui nafasi ya kipimo chao. Na wapo wanaopaliwa kimya, bila hata kikohozi kimoja. Hao utawajua kwa homa za mara kwa mara, kupumua harakaharaka saa chache baada ya kula, na makohozi yasiyoisha. Ukiyaona hayo, rudi hospitali. Usianze kutafuta dawa ya kifua ya majani.

Jambo moja ambalo husikii likikatazwa vya kutosha: usimmiminie mafuta mdomoni akiwa amelala, na usimdondoshee puani. Samli, mafuta ya nazi, mafuta ya habasoda, yote yakiingia mapafuni hayatoki kwa urahisi, na huleta nimonia ya aina yake ambayo huchelewa kupona.

2. Mkao, kijiko, na subira

Mketishe wima, kiti kikiwezekana, na kama ni kitandani basi mito iwe mgongoni na chini ya mkono uliopooza ili asiinamie upande. Wewe kaa, usisimame. Ukimlisha umesimama atainua uso kukutazama, na shingo iliyonyooshwa juu huacha njia ya hewa wazi. Kidevu kiinamie kifua kidogo.

Tumia kijiko cha chai, nusu yake tu, na uweke chakula upande wa mdomo ulio na nguvu. Subiri ameze, tena mara mbili, ndipo ulete kingine. Kila baada ya vijiko kadhaa chungulia shavu la upande dhaifu, maana chakula hujificha hapo na mgonjwa hana habari. Mlo mmoja unaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Televisheni izimwe, na mazungumzo yangoje, kwa sababu anayejibu maswali huku anatafuna hupaliwa.

Akimaliza, abaki amekaa kwa dakika 30 angalau. Mswaki laini na dawa ya meno asubuhi na jioni, pamoja na kumsafisha mashavu kwa ndani. Wengi huona mswaki ni anasa kwa mtu asiyetoka nyumbani. La hasha: mate yenye bakteria wengi yakiteremka mapafuni ndiyo yanayozaa nimonia, hata kwa mgonjwa asiyekula kitu kwa mdomo.

3. Uji: uzito wake ndio dawa yake

Kwa mgonjwa anayepaliwa na maji, hatari kubwa ni kinywaji chepesi, kwa sababu hukimbia kooni kabla koo halijajifunga. Chakula kizito laini huenda polepole, kikampa nafasi. Ipo mizani ya kimataifa iitwayo IDDSI inayopanga vyakula na vinywaji kuanzia 0, yaani maji, hadi 7, chakula cha kawaida. Hospitali ikikuandikia namba, ishike. Ngazi ya 4, ambayo wengi huanza nayo, unaipima kwa vifaa vya jikoni. Chota kwa uma: chakula kikae juu kama kilima, kikining'inia kidogo chini ya meno ya uma bila kudondoka mfululizo. Kisha inamisha kijiko pembeni: kidondoke chote kwa mkupuo, bila kung'ang'ania. Kinachonata kama gundi ni hatari kama kilicho chepesi.

Sasa uji wenyewe. Uji mwepesi wa mahindi, ule wa kunywa kwa kikombe, una chakula kidogo mno. Kikombe kizima hakifiki kalori 100. Mgonjwa anashiba maji, familia inaridhika kwamba amekula, na wiki ya tatu mifupa ya mabega imejitokeza. Pika huu badala yake: vijiko sita vya chakula vya unga wa ulezi au mahindi, kikombe kimoja na nusu cha maji, kikombe kimoja cha maziwa, vijiko viwili vya karanga zilizosagwa zikawa laini kabisa, na kijiko kimoja cha mafuta. Koroga unga kwa maji baridi kwanza, upike ukichemka kwa dakika 15 hivi, kisha tia maziwa, karanga na mafuta, uendelee kukoroga mpaka visionekane vilipo. Sufuria hiyo ina karibu kalori 700 na protini kama gramu 20. Ukitaka kuongeza, piga yai, limimine taratibu uji ukiwa unachemka, upike dakika mbili zaidi. Karanga zisiwekwe mdomoni peke yake kamwe, kwani hugandamana kwenye kaakaa.

Kuna siri moja ya uji ambayo imewapaliza wengi bila mlishaji kujua kosa lilipo. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga. Kijiko kikitoka mdomoni kikarudi bakulini, mate yaliyobaki juu yake huanza kazi humohumo, na uji uliokuwa mzito mwanzoni unakuwa maji mlo ukifika katikati. Kwa hiyo gawa kiasi kidogo kwenye kibakuli cha kulishia, kingine kibaki kimefunikwa, na uongeze kwa kijiko kingine safi.

Kwa sababu hiyohiyo uwe mwangalifu na kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa, ambao nao huvunja wanga. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliutafiti sana unga wa kimea miaka ya 1980 kwa ajili ya uji wa watoto. Ukitia kijiko kimoja kwenye uji mzito ambao umepoa kidogo, unalainika ndani ya dakika chache, na hivyo unaweza kutumia unga mwingi bila uji kuwa ugali. Kwa mgonjwa anayemeza vinywaji vyepesi bila shida lakini hamu yake ni ndogo, kimea ni msaada mkubwa. Uchemshe tena uji baada ya kulainika. Kwa anayepaliwa na maji, kimea kitamharibia uzito uliokuwa unamlinda.

Unga wa lishe wa madukani, wenye nafaka kumi na kitu kwenye pakiti moja, siusifu kama unavyosifiwa. Mahindi, mtama, uwele na ngano vyote ni nafaka; kuvijumlisha hakuleti protini ya maana. Cha kutazama ni kama kuna soya iliyokaangwa vizuri, karanga au dagaa, na kama nafaka zilikaushwa sawasawa. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Chambua karanga mwenyewe, na iliyokunjamana, yenye ukungu au ladha chungu itupe.

Maji ya kunywa nayo yanahitaji kuwekewa uzito kwa mgonjwa wa aina hii. Njia rahisi ni wanga wa mahindi uliochemshwa na maji au chai ya mchaichai mpaka ukashika, au juisi ya embe nzito, au ndizi mbivu iliyosagwa na maziwa. Chuja kila kitu, nyuzi za embe na maganda ya nyanya humsakama.

4. Fanya hesabu ndogo

Mtu wa kilo 60 anahitaji takriban kalori 1,500 hadi 1,800 kwa siku, protini gramu 60 hadi 70, na maji, pamoja na yaliyomo kwenye uji na supu, karibu lita 1.8. Mwenye moyo au figo zilizochoka hupangiwa maji, na pengine protini, na daktari wake. Sufuria mbili za uji ule wa juu zinakupa kalori 1,400 na protini gramu 40. Bado yai moja ni gramu 6, kikombe cha maziwa gramu 8, kikombe cha maharage yaliyoiva na kupondwa gramu 15 hivi. Dagaa waliokaushwa, wakasagwa kuwa unga na kuchujwa, ni hazina ya bei nafuu kuliko pakiti nyingi za virutubisho; ila waoshe kwanza, kwa sababu wengine wamekaushwa na chumvi nyingi.

Chumvi ndiyo sehemu ngumu kwa wapishi wa nyumbani. Wagonjwa wengi wa kiharusi wana presha ya juu, na Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani isiyofika kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu alichokula. Magadi kwenye maharage yana sodiamu. Kipande cha kiungo cha supu nacho kina chumvi. Tumia ndimu, tangawizi, bizari, giligilani na kitunguu kurudisha ladha.

Kama mgonjwa amekaa siku zaidi ya tano karibu bila kula, usimjaze siku ya kwanza. Mwili uliofunga kwa muda mrefu ukipewa chakula kingi ghafla, madini ya damu hushuka na moyo unaweza kuyumba. Mgonjwa kama huyo anatakiwa aonwe hospitali, na chakula huanza kwa nusu ya mahitaji au chini yake kwa siku mbili za kwanza.

Huna mizani ya kumpimia aliyelala? Tumia utepe wa fundi cherehani. Pima mzunguko wa mkono ulio mzima, katikati ya bega na kiwiko, kila wiki siku ileile. Kipimo kikishuka wiki mbili mfululizo, chakula hakitoshi, hata kama kila mtu nyumbani anaapa kwamba anakula.

5. Mimea ya jikoni, mmoja mmoja

Mlonge kwanza, kwa kuwa ndio wenye sifa nyingi. Majani yake makavu kwa kweli ni chakula kizuri: karibu robo ya uzito wake ni protini, na kalisi imo kwa wingi. Lakini hesabu ikae sawa. Kijiko cha chakula cha unga wake kina gramu 2 hivi za protini, chini ya nusu ya yai. Kijiko kimoja au viwili vya chai kwa siku, vikikorogwa kwenye uji ukiwa umeshaiva, vinatosha. Mizizi na magome ya mlonge usimpe. Yana kemikali zinazoweza kudhuru neva, na mgonjwa wa neva hahitaji hizo.

Mchicha, matembele, majani ya maboga: chemsha kwa muda mfupi, saga, chuja, changanya na viazi au ndizi zilizopondwa. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa vizuri bila haraka. Hili si la kupamba maneno, kwa maana majani ya muhogo yana sumu kama mihogo yenyewe. Mihogo michungu isiyolowekwa na kukaushwa ipasavyo husababisha konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla, na uliwahi kuzuka mkoani Mara miaka ya 1980. Mlenda husifiwa kwamba unateleza. Kuteleza huko ndiko kunakonitia shaka kwa koo zito. Uache mpaka atakapokuwa anameza maji bila kukohoa.

Tangawizi kidogo kwenye chai husaidia kichefuchefu. Mchaichai ni kinywaji cha kubadilisha ladha, basi. Rozela, inayoitwa pia choya, imeonyesha kwenye majaribio kwamba hushusha presha kiasi. Kikombe kimoja bila sukari ni sawa, lakini kama tayari anameza dawa za presha na akikalishwa anaona kizunguzungu, pima presha kabla ya kumwongezea. Papai na ukwaju ni vizuri kwa choo kigumu, tatizo linalowatesa wasiotembea. Subili na sanamaki ya kukadiria kwa macho havifai: kuhara kwa siku mbili kunaondoa maji na potasiamu, na mgonjwa dhaifu anazidiwa. Ikibidi dawa ya choo, ipo ya famasi yenye kipimo.

Urukususu, ule mzizi mtamu wa kutafuna, hupandisha presha ukitumiwa mara kwa mara. Uondoe nyumbani, na miraa pia.

Asali si mbaya, lakini kwa mwenye kisukari ni sukari. Na hapo kuna mtego mwingine: karela, habasoda, mdalasini na mlonge kwa wingi vinaweza kushusha sukari. Akiwa anachoma insulini, kisha akala kidogo kwa sababu ya kumeza kwa shida, sukari inaweza kushuka hadi akapoteza fahamu, na nyumbani wote wakadhani kiharusi kimerudi.

6. Mmea unapokutana na kidonge

Tafuta kadi ya kliniki, uandike majina ya dawa zote kwenye karatasi moja. Hapo ndipo ushauri wa jumla unapoisha na wa mgonjwa wako kuanza.

Kama kuna warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda inayotolewa mara nyingi pale bonge la damu lilipotoka moyoni, mboga za kijani zina vitamini K inayopingana nayo. Hii haimaanishi aache mboga. Maana yake ale kiasi kilekile kila wiki, na asianze mlonge ghafla wala kuuacha ghafla bila kupimwa damu. Kitunguu saumu, tangawizi, manjano na habasoda kwenye mchuzi havina tatizo. Punje tano mbichi za kitunguu saumu kila asubuhi, au vidonge vya manjano, kwa mtu anayetumia warfarin, aspirini au klopidogreli, ni kutafuta damu ivuje.

Balungi huzuia ini kuvunja dawa kadhaa, zikiwemo baadhi ya dawa za kolesteroli kama simvastatin, na karbamazepini ya kifafa; dawa inajikusanya mwilini kupita kiwango. Chungwa la kawaida halina shida hiyo. Maji ya dafu na ndizi vina potasiamu nyingi: vizuri kwa wengi, hatari kwa mwenye figo mbovu, na kwa anayetumia spironolactone, dawa ya moyo na presha, vipimo vya damu vitangulie. Mdalasini wa kawaida wa madukani una kumarini inayochosha ini ukitumiwa kwa vijiko, na dawa ya kifafa iitwayo valproate nayo inaweza kudhuru ini. Phenobarbital, nayo ya kifafa, inaleta usingizi. Dawa za chupa zenye pombe au za kutuliza zikiongezwa juu yake, mgonjwa analala wakati wa kula, na tunarudi palepale pa kupaliwa.

Usisage kidonge bila kumuuliza mfamasia. Vidonge vinavyotoa dawa polepole vikisagwa, dozi ya siku nzima huingia kwa saa moja.

Chupa isiyo na jina la mmea, sehemu ya mmea, aliyeitengeneza na tarehe, haimfai mgonjwa huyu. Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002, na Baraza lake husajili waganga na dawa. Ni haki yako kuuliza kama ya kwako imesajiliwa. Tunakumbuka mwaka 2011, maelfu walipofunga safari hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Kilichoumiza zaidi ni kuacha nyumbani vidonge vya kila siku. Ndugu wakishikilia dawa yao, usigombane nao mbele ya mgonjwa. Waambie, "Sawa mjomba, tutamwonyesha daktari kwanza," na vidonge vya hospitali viendelee.

Upo mmea mmoja ambao kwa haki unastahili kuitwa dawa ya neva: upupu. Mbegu zake zina levodopa, dawa ileile ya ugonjwa wa Parkinson, unaoleta mtetemeko na mwili kukakamaa. Utafiti uliofanyika wilayani Hai uliwakuta wagonjwa wa Parkinson ambao wengi hawakuwa wamewahi kugunduliwa, kwa hiyo naelewa kishawishi cha kujitibu. Lakini kiasi cha levodopa hutofautiana kati ya mbegu na mbegu, hutapisha, huangusha presha, na ukijumlishwa na vidonge vya Parkinson dozi inapitiliza. Kwa mgonjwa wa kiharusi haina kazi. Mwenye Parkinson anayemeza levodopa ya hospitali ainywe nusu saa kabla ya kula, maana protini hugombania njia ya kuingilia pamoja nayo.

7. Akiwa na mpira wa kulishia puani

Mpira huwekwa na hospitali, na ukichomoka hurudishwa na hospitali. Weka alama kwa kalamu pale unapotokea puani. Kabla ya kila mlo tazama kama alama iko palepale. Kuna wanaosukuma hewa kwa bomba la sindano na kusikiliza tumbo. Njia hiyo hudanganya. Kinachoaminika ni kupima asidi ya majimaji yanayovutwa, kwa karatasi maalumu, isomeke 5.5 au chini. Uiombe hospitalini. Ukiwa na shaka yoyote, usilishe.

Inua kichwa cha kitanda, pitisha maji mililita 30, kisha chakula kilichosagwa kwa blenda na kuchujwa mara mbili, mililita 200 hadi 300 kwa mlo, kiteremke chenyewe bila kusukumwa kwa nguvu. Malizia na maji mililita 30. Abaki ameinuliwa saa moja. Chakula kilichokaa nje kwa saa mbili hakiingii kwenye mpira.

Unga wa mitishamba usipitishe humo. Mlonge, habasoda iliyosagwa, mdalasini, vyote huvimba na kuziba, na mpira ulioziba maana yake ni safari nyingine na pua nyingine kutoneshwa. Mchuzi wa mboga uliochujwa sana unapita. Kwa phenytoin ya kifafa kuna sharti lake: chakula cha mpira hupunguza dawa inayoingia mwilini, kwa hiyo husimamishwa saa moja hadi mbili kabla na baada ya dozi. Mwombe daktari akupangie ratiba.

8. Mwili ukianza kukataa

Kuna wagonjwa ambao, kiharusi cha pili au cha tatu kikishapita, au ugonjwa wa neva ukiwa umefika mwisho wake, hukaza mdomo na kugeuza uso. Kwanza ondoa sababu zinazotibika: vidonda mdomoni, fangasi, choo kilichoziba, maumivu, homa, huzuni. Baada ya hapo, ikiwa daktari anasema mwili unafunga kazi, kumlazimisha hakumwongezei siku. Kunampa kupaliwa na kutapika. Mpe anachotaka kwa kiasi anachotaka, hata kama ni vijiko vitatu vya uji wa mchele. Lowesha midomo, safisha kinywa. Wanaodai kwamba "mnamwacha afe njaa" waeleze mbele ya daktari, msibishane ukumbini. Na mwezi wa Ramadhani ukimkuta hivyo, mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Anayehitaji kukumbushwa hilo mara nyingi ni mgonjwa mwenyewe.

9. Siku ya kliniki

Beba daftari lenye vitu vichache: kipimo cha mkono cha kila wiki, presha, idadi ya milo aliyomaliza, siku alizopaliwa, siku alizopata homa, siku alizopata choo. Beba dawa zote ndani ya mfuko mmoja, pamoja na pakiti ya mlonge, chupa ya habasoda na ile ya mizizi ambayo hukutaka kuitaja. Zitoe zote mezani. Daktari akinuna, mwache anune. Anachohitaji ni kujua mgonjwa anameza nini. Uliza mambo matatu kabla hujainuka: je, kumeza kupimwe upya, maana wengi huimarika ndani ya wiki za mwanzo na hawahitaji kuishi na chakula cha kusagwa milele, je, sodiamu, potasiamu, sukari na figo vimepimwa, na je, kuna kidonge ambacho sasa kinaweza kupunguzwa au kubadilishwa kiwe cha maji.